Paul Robeson: Mwimbaji aliyebadilisha maneno ya wimbo wake

Jomo Kenyatta tunamfahamu kama rais wa kwanza wa Kenya, mzee mwenye fimbo na usinga. Wachache wanafahamu kwamba katika miaka ya 1930, alipokuwa mwanafunzi asiye na fedha jijini London, alilipwa kuigiza sehemu ndogo ya chifu wa Kiafrika kwenye filamu ya Kiingereza. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1935 na iliitwa Sanders of the River. Ilimsifu afisa wa kikoloni anayetawala Waafrika kana kwamba ni watoto wadogo.

Nyota wa filamu hiyo alikuwa Mmarekani Mweusi, mrefu, mwenye kifua kipana na sauti nzito ya besi. Jina lake Paul Robeson. Wakati huo tayari alikuwa amejiandikisha katika chuo cha lugha London kusoma Kiswahili. Baada ya kuiona filamu ilivyokamilika, aliichukia na kuilaani hadharani.

Wasikilizaji wetu wa Kigera, Musoma, Bunda na Butiama, leo tunawaletea maisha ya mtu huyu. Amekufa siku nyingi, lakini swali alilopambana nalo bado liko kwetu: msanii akilipwa aimbe maneno yaliyoandikwa na mwingine, na maneno hayo yakawadhalilisha watu wake, afanye nini?

Mtoto wa mtumwa aliyetoroka

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana wa miaka 15, akasoma na kuwa mchungaji wa kanisa. Mama yake, Maria Louisa, alifariki mwaka 1904 kwa kuungua moto nyumbani. Paul alikuwa bado mtoto mdogo. Alilelewa na baba na ndugu zake, kanisani na shuleni, na kanisani ndiko alikojifunza nyimbo za kiroho ambazo Watu Weusi wa Marekani waliziimba tangu enzi za utumwa.

Mwaka 1915 alipata ufadhili wa kusoma Chuo cha Rutgers. Wanafunzi Weusi pale walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Alipokwenda kujaribiwa kwenye timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi, wachezaji wenzake Wazungu walimpiga hadi kumvunja pua. Alirudi uwanjani. Mwaka 1917 na 1918 akatajwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo wa nchi nzima. Darasani hakubaki nyuma, kwani mwaka 1919 ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba ya wahitimu.

Baadaye alisoma sheria Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akamaliza mwaka 1923. Mwaka 1921 alikuwa amemuoa Eslanda Goode, mwanamke msomi aliyekuja kuwa msimamizi wa kazi zake. Paul aliajiriwa na kampuni ya mawakili, lakini hakudumu. Karani Mzungu alikataa kuandika maneno aliyokuwa akimsomea, kwa sababu tu anayesoma ni Mtu Mweusi. Robeson aliacha uwakili, akaenda jukwaani.

Kazi ilianza kwa michezo ya kuigiza ya mwandishi Eugene O'Neill, mwaka 1924. Mwaka uliofuata, pamoja na mpiga kinanda Lawrence Brown, alifanya onyesho la nyimbo za kiroho na nyimbo za kazi za Watu Weusi peke yake, bila kuchanganya na nyimbo za Kizungu. Nyimbo zilizozaliwa mashambani sasa zilikuwa zinaimbwa ukumbini, na watu walilipa kiingilio kuzisikiliza.

Meli ya maonyesho

Sasa tufike kwenye mchezo uliolifanya jina lake lijulikane duniani. Mwaka 1926 mwandishi Edna Ferber alitoa riwaya iitwayo Show Boat. Inahusu meli iliyokuwa ikipita katika Mto Mississippi na kutia nanga mji hadi mji, ndani yake mkiwa na ukumbi wa maigizo. Kabla ya sinema na redio, watu wa kando ya mto waliisubiri meli kama hiyo kama sisi tunavyosubiri ngoma ya sikukuu.

Mtunzi wa muziki Jerome Kern na mwandishi wa maneno Oscar Hammerstein waliigeuza riwaya hiyo kuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo. Ulifunguliwa New York tarehe 27 Desemba 1927. Mpaka wakati huo, michezo mingi ya aina hiyo ilikuwa ya vichekesho, mavazi ya kung'aa na wasichana wanaocheza dansi. Show Boat ilileta jambo zito. Mwigizaji mkuu wa meli, Julie, anagundulika kuwa ana damu ya Kiafrika. Kwa kuwa ameolewa na Mzungu, na sheria ya jimbo inakataza ndoa hiyo, analazimika kuondoka. Mchezo wenye nyimbo za kufurahisha ulikuwa sasa unazungumzia ubaguzi wa rangi mbele ya watazamaji waliovaa suti.

Ndani ya mchezo huo yumo Joe, mfanyakazi Mweusi wa gatini anayebeba marobota ya pamba. Wakulima wetu wa Bunda, mnaojua uzito wa pamba kuanzia shambani hadi kiwandani inakochambuliwa, mtamwelewa Joe haraka. Yeye ndiye anayeimba wimbo mkuu, Ol' Man River. Ni wimbo kuhusu mto unaoendelea kutiririka bila kujali taabu ya mwanadamu, huku mbeba mizigo akichoka, akiogopa, na asione njia ya kutokea.

Kern na Hammerstein walimfikiria Robeson walipoitengeneza sehemu hiyo, lakini alikuwa na kazi nyingine, hivyo Jules Bledsoe ndiye aliyeimba kwanza New York. Robeson aliichukua Mei 1928, mchezo ulipofika ukumbi wa Theatre Royal, Drury Lane, London. Mwaka 1932 mchezo ulirudishwa jukwaani New York katika ukumbi wa Casino, safari hii Joe akiwa Robeson mwenyewe, na watazamaji wakamshangilia kwa kishindo.

Mwaka 1936 kampuni ya Universal ilitoa filamu ya mchezo huo, chini ya mwongozaji James Whale. Iliwachukua waigizaji kadhaa waliokwisha kuzifanya sehemu hizo jukwaani, akiwemo Robeson na Helen Morgan aliyeigiza Julie. Kwa hiyo filamu hiyo imetuhifadhia kwa kiasi kikubwa jinsi mchezo ulivyokuwa jukwaani enzi hizo. Mke wa Joe aliigizwa na Hattie McDaniel, ambaye miaka michache baadaye, kwa filamu nyingine, alikuwa Mtu Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar.

Lakini filamu hiyo ilikuwa na dosari iliyowaudhi Watu Weusi wengi. Joe anaonyeshwa kama mtu mvivu na mpole kupita kiasi. Katika maneno ya mwanzo kabisa ya wimbo, Watu Weusi walitajwa kwa neno la matusi. Neno hilo lilibadilishwa baadaye, likaja jingine lililopungua ukali lakini bado la dharau. Robeson ndiye aliyeyatamka, na ndiye aliyelipwa.

Kiswahili, London na Uganda

Turudi nyuma kidogo. Robeson na mkewe waliishi London kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Huko alikutana na Waafrika wengi: wanafunzi, mabaharia wa bandarini, na wapigania uhuru ambao dunia ilikuwa bado haijawajua. Mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo cha lugha London, akasoma Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, pamoja na elimu ya matamshi. Alijifunza pia Kirusi na Kichina. Aliamini kwamba Mmarekani Mweusi amefundishwa kujionea aibu asili yake, na kwamba dawa mojawapo ni kuzijua lugha na muziki wa Afrika.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja filamu ya Sanders of the River. Watengenezaji walipeleka wapiga picha Afrika, wakarudi na picha za ngoma, nyimbo na maisha ya kawaida. Robeson alifurahi. Alidhani hatimaye dunia itaiona Afrika yenye heshima. Lakini filamu hutengenezwa mara mbili: mara ya kwanza kamera inapopiga picha, mara ya pili vipande vinapokatwa na kuunganishwa. Filamu ilipotoka, ngoma zile zilikuwa pambo tu, na hadithi yote ilikuwa sifa kwa ufalme wa Uingereza. Robeson alikuwa ameigiza, lakini mkasi ulishikwa na wengine.

Tangu hapo alianza kudai haki ya kukubali au kukataa filamu katika hatua ya mwisho. Mara nyingi hakupewa. Filamu aliyoikumbuka kwa fahari ni The Proud Valley ya mwaka 1940, inayohusu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales, ambamo aliigiza mfanyakazi miongoni mwa wafanyakazi.

Eslanda naye hakukaa bure. Alisoma elimu ya jamii na mila za watu London, na mwaka 1936 alisafiri na mtoto wao mdogo, Pauli, kutoka Afrika Kusini hadi Uganda. Walikaa Toro, ng'ambo ya pili ya ziwa letu, kwa msaada wa familia ya Akiki Nyabongo, mwana wa ukoo wa kifalme wa huko. Eslanda aliwaangalia wafugaji, akaonja maziwa yao, akajifunza shughuli za wanawake. Mwaka 1945 alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, akawaeleza Wamarekani kwamba Afrika wanayoionyeshwa kwenye sinema siyo Afrika aliyoiona yeye.

Maneno mapya, sauti ileile

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Robeson alifanya jambo linalokumbukwa mpaka leo. Mwaka 1938 alikwenda Hispania, iliyokuwa vitani, akawaimbia askari waliokuwa wakipigana na majeshi ya Franco. Katika maonyesho yake ya miaka hiyo alianza kubadilisha maneno ya Ol' Man River. Pale ambapo Joe analalamika kuwa amechoka na maisha na anaogopa kifo, Robeson aliweka maneno ya mtu anayesema ataendelea kupambana mpaka mwisho. Pale penye neno la dharau kwa Watu Weusi, alilitoa. Tuni ilibaki ileile, mto ukabaki uleule. Mtu anayeimba ndiye aliyebadilika: hakuwa tena mtu aliyeinama.

Jambo hili si dogo. Wimbo ulikuwa mali ya watunzi, na ulikuwa umempatia jina na riziki. Angeweza kuuacha asiuimbe tena, au angeendelea kuuimba ulivyo na kuchukua fedha. Alichagua njia ya tatu: alibaki na wimbo, akakataa unyonge uliokuwa ndani yake. Wapiga ritungu wetu wanaielewa njia hiyo. Tuni ya wazee haina mwenyewe mmoja, na kila mpigaji huweka humo habari za wakati wake.

Tarehe 19 Oktoba 1943 alipanda jukwaa la Broadway, New York, kuigiza Othello, mchezo wa Shakespeare kuhusu jemadari Mweusi anayemuoa binti Mzungu. Hapo kabla, Broadway ilikuwa imezoea kumpaka Mzungu rangi nyeusi ili aigize sehemu hiyo. Mchezo ulionyeshwa mara 296, rekodi kwa mchezo wa Shakespeare katika Broadway. Sisi wa Mara hatushangai mtu wa siasa kumpenda Shakespeare, kwani Mwalimu Nyerere wa Butiama alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi kwa Kiswahili.

Pasipoti inachukuliwa

Mwaka 1937 Robeson alishiriki kuanzisha chama kilichokuja kuitwa Baraza la Mambo ya Afrika, na baadaye akawa mwenyekiti wake. Lilidai uhuru wa makoloni, likapinga ubaguzi Afrika Kusini, na likapaza sauti kuhusu Kenya pia. Nyumbani alipinga mauaji ya Watu Weusi yaliyokuwa yakifanywa na makundi ya Wazungu, akaunga mkono vyama vya wafanyakazi.

Alikuwa pia rafiki wa wazi wa Umoja wa Kisovieti. Hapa lazima tuseme ukweli wote. Alipofika Moscow mara ya kwanza, mwaka 1934, alisema alihisi kuheshimiwa kama binadamu kuliko alivyowahi kuheshimiwa kwao. Lakini Stalin aliwaua na kuwafunga watu wengi sana, wakiwemo wasanii ambao Robeson aliwajua mwenyewe, na Robeson hakuwahi kumlaani hadharani. Mwaka 1952 alitunukiwa tuzo ya amani yenye jina la Stalin. Wapo waliompenda kwa mengine yote lakini hawakumsamehe kimya hicho.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani iliingiwa na hofu kubwa ya ukomunisti. Agosti 1949, onyesho lake karibu na mji wa Peekskill, jimbo la New York, lilivunjwa na watu wenye fujo. Lilipofanyika Septemba 4, watu waliokuwa wakirudi nyumbani walipigwa mawe magarini, wengi wakajeruhiwa. Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi zilimfungia milango, redio zikaacha kupiga sahani zake. Mwaka 1955 Baraza la Mambo ya Afrika lilivunjwa kwa kubanwa na serikali. Mwaka 1956 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kuhojiwa, akawajibu kwa ukali na kukataa kuwataja wenzake.

Angalia jinsi mambo yalivyokwenda sambamba. Kenyatta, chifu wa filamu ile, alikamatwa Oktoba 1952 na kufungwa na Waingereza. Robeson, nyota wa filamu ileile, alifungiwa ndani ya nchi yake. Mbele ya kamera wote wawili walivikwa mavazi ya Waafrika watiifu. Nje ya kamera, serikali mbili kubwa ziliwaogopa.

Sauti kwa waya

Kama watu wa redio, sehemu hii ndiyo tunayoipenda zaidi. Robeson alikatazwa kwenda hata Kanada, nchi ambayo Mmarekani hakuhitaji pasipoti kuingia. Basi tarehe 18 Mei 1952 alisimama juu ya lori upande wa Marekani, pale kwenye mpaka, akawaimbia maelfu ya watu waliosimama pande zote mbili. Ni kama mtu asimame Sirari awaimbie walioko Isebania, huku sheria ikimzuia kuvuka hatua chache tu.

Kisha ikaja simu. Mwaka 1956 waya mpya wa simu ulikuwa umelazwa chini ya bahari ya Atlantiki kati ya Amerika Kaskazini na Uingereza. Ulikuwa na vikuza sauti njiani, hivyo sauti ilifika safi kuliko ile ya redio ya zamani iliyokuwa ikivuruga. Tarehe 26 Mei 1957 Robeson aliimba ndani ya studio New York, na watu waliojaa ukumbini London wakamsikia kupitia spika. Oktoba mwaka huohuo aliwaimbia kwa njia hiyo wachimba makaa wa Wales waliokusanyika mji wa Porthcawl, nao wakamwimbia. Serikali ilizuia mwili wake kusafiri, lakini sauti ilipita chini ya bahari.

Juni 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali haiwezi kumnyima mtu pasipoti kwa sababu ya imani yake ya siasa. Robeson alisafiri tena. Mwaka 1959 aliigiza Othello Uingereza, na Novemba 1960 aliwaimbia mafundi waliokuwa wakijenga jumba la opera la Sydney, Australia, wakiwa kazini.

Siku za mwisho

Miaka ile ya kufungiwa ilikuwa imemla. Mwaka 1961 aliugua sana ugonjwa wa sonona, akajaribu kujiua, akalazwa hospitali kwa muda mrefu. Tunalisema hili wazi kwa sababu hata mtu mwenye nguvu kama yule huweza kuugua akili, na ugonjwa huo si aibu. Ukiona dalili zake kwako au kwa ndugu yako, nenda kituo cha afya kama unavyokwenda kwa malaria.

Alirudi Marekani Desemba 1963, mwezi uleule Kenya ilipopata uhuru chini ya Kenyatta. Eslanda alifariki mwaka 1965. Robeson aliishi miaka yake ya mwisho kwa dada yake Marian, mjini Philadelphia, mbali na jukwaa. Alifariki tarehe 23 Januari 1976, akiwa na miaka 77. Aliagwa Harlem, New York, katika kanisa ambalo kaka yake alikuwa amelichunga. Nchi yake ilimkumbuka baadaye. Mwaka 1995 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa wachezaji wa mpira wa vyuo, na mwaka 1996 filamu ya Show Boat ya 1936 iliwekwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa.

Ukitaka kumsikia kwa simu yako, filamu nzima ina karibu saa mbili na itakula bando. Anza na wimbo peke yake. Tafuta jinsi alivyouimba mwaka 1936, kisha tafuta alivyouimba kwenye maonyesho ya miaka ya baadaye. Hata kama Kiingereza chako ni kidogo, utasikia tofauti. Ule wa kwanza ni wa mtu aliyebeba robota mgongoni, na ule wa pili ni wa mtu aliyelitua.

Na kwa vikundi vya ngoma, kwaya na wapiga ritungu wanaofuatwa vijijini na watu wenye kamera, kuna la kujifunza hapa. Kabla ya kukubali kurekodiwa, ulizeni picha zitakwenda wapi, nani atazikata na kuziunganisha, na kama mtaoneshwa kabla hazijatoka. Makubaliano yaandikwe, na nakala moja ibaki kwenu. Robeson alikuwa mwanasheria aliyesoma chuo kikubwa, na bado walimzunguka mara ya kwanza.